Simuleta ya riakta ya TRIGA kutoka Ljubljana: nimeitumia na vijana wa PCM hapa Dodoma, haya ndo maoni yangu

Nyota nne na nusu kati ya tano, na hiyo nusu iliyokatwa nitaieleza huko chini. Naongelea programu inaitwa Research Reactor Simulator, ya bure kabisa, imetengenezwa na watu wa Jožef Stefan Institute kule Ljubljana, Slovenia, inaiga riakta yao halisi ya TRIGA Mark II (TRIGA ni aina ya riakta ndogo ya utafiti) ya kilowati 250 ambayo inafanya kazi tangu 1966. Unaishusha, unaifungua kwenye laptopu, mbele yako kuna fimbo za kudhibiti (zinameza nyutroni, ukizipandisha riakta inapata nguvu), grafu ya nguvu, grafu ya riaktiviti (kipimo cha riakta imeegemea kupanda au kushuka kiasi gani, sifuri ni imetulia), joto la fueli, na unaanza kuichokoza riakta uone inajibu vipi.

Na hapo kwenye kuichokoza ndo kuna uzuri wote. Walimu wenzangu wa fizikia wa A-level mnajua jinsi tunavyofundisha nyuklia, tunachora nyutroni inagonga urani-235, inapasuka, zinatoka nyutroni mbili au tatu, zinagonga zingine, mshale mshale mshale, halafu tunasema "ikidhibitiwa ni riakta isipodhibitiwa ni bomu" na tunahamia topiki nyingine. Mwanafunzi anatoka pale anaamini riakta ni bomu lililofungwa kamba. Hajui kwamba kuna swali la kupimika kabisa, kwamba nikiisogeza fimbo kiasi hiki nguvu inabadilika kiasi gani, kwa haraka gani, na inatulia wapi. Hilo swali ndo moyo wa kazi ya watu wa riakta za utafiti, wanalipima kila mara, na kwa sisi wa kanda ya kati ambao tumeshasikia habari za urani ya Bahi na Manyoni miaka na miaka naona ni jambo la kutuhusu moja kwa moja. Tunabishana vijiweni kuhusu nyuklia bila hata mmoja wetu kuwahi kuona grafu ya riakta ikipanda na kushuka.

Sasa nieleze tulichofanya nayo, maana mtu akikwambia programu ni nzuri bila kukwambia ameifanyia nini hajakusaidia.

Kwanza kabisa nguvu ndogo, wati chache tu, ili fueli isipate joto. Riakta imetulia, riaktiviti sifuri. Unaongeza kidogo, tuseme senti 10. Hapa niseme, watu wa riakta wanapima riaktiviti kwa dola na senti, dola moja ni sawa na sehemu yote ya nyutroni zinazochelewa, ambayo kwa TRIGA ni kama 0.007, yaani katika kila nyutroni elfu moja ni kama saba tu hazitoki papo hapo mpasuko unapotokea, zinatoka baadaye kwenye mabaki ya mpasuko, nyingine baada ya sehemu ya sekunde nyingine baada ya dakika nzima. Saba kwa elfu. Unaweza kudhani hazina maana yoyote. Haya, weka senti 10 uone.

Kitu cha kwanza nguvu inaruka kama asilimia 11 fasta, chini ya sekunde, halafu ule mwendo unakufa na inaanza kupanda taratibu. Binti mmoja akauliza hapohapo, "Mwalimu mbona imeruka halafu ikapoa?" Swali hilo nimefundisha miaka bila kuulizwa! Jibu lake ni kwamba ule mruko ni nyutroni za papo hapo zinajipanga upya kwa hali mpya, na zikishamaliza haziwezi kuendelea peke yake, lazima zisubiri zile saba kwa elfu. Mwendo wote wa riakta baada ya hapo unashikiliwa na hao wachelewaji. Ukitumia modi ya mawimbi ya mraba, ambayo riaktiviti inaingia na kutoka kwa mpigo, mruko unauona wazi kabisa, ila ukipandisha fimbo kwa mkono taratibu mruko unafifia kwa sababu riaktiviti haikuingia yote kwa mpigo, kwa hiyo anayetaka kuwaonyesha wanafunzi hicho kitu atumie mraba.

Baada ya mruko tukachukua saa za simu tukapima muda nguvu inavyojizidisha mara mbili. Ilikuwa kama sekunde 70. Gawanya kwa 0.693 unapata piriodi, yaani muda nguvu inavyojizidisha mara 2.718, ya kama sekunde 100. Nikawaambia sasa tuweke senti 20, nani anabashiri? Karibu darasa zima wakasema sekunde 50, maana umeongeza mara mbili basi muda unagawanyika kwa mbili. Haikuwa 50, ilikuja chini ya 40! Hesabu ya nyutroni zinazochelewa, ambazo hugawanywa vikundi sita kwa jinsi zinavyochelewa, inatoa kama 37. Vijana wakakasirika kabisa, wakataka kujua kwa nini, nikawaandikia ubaoni ule mlinganyo unaounganisha riaktiviti na piriodi, kila kikundi na mchango wake na kasi yake ya kuoza, tukaingiza kwenye Excel, wakaona wenyewe kwamba ukisukuma zaidi vikundi vinavyochelewa sana vinaachwa nyuma na riakta inategemea vile vya haraka, kwa hiyo inakimbia zaidi ya ulivyotegemea. Somo la eksponenshali, logarithimu, na uozaji wa mionzi vyote vimekaa kwenye swali moja. Nunua zile karatasi za grafu za logi steshenari yoyote ya karibu na chuo, wachore kwa mkono, mstari unanyooka safi.

Na hii njia ya saa na piriodi sio ya kitoto jamani, ndo njia halisi ya kukalibreti fimbo, yaani kujua kila sehemu ya fimbo inabadilisha riaktiviti kiasi gani (huo ndo uzito wa fimbo), kwenye riakta ndogo dunia nzima. Unapandisha fimbo kidogo, unapima piriodi, unabadilisha kuwa riaktiviti, unarudisha usawa kwa fimbo nyingine, unapandisha tena. Mwisho unapata mkunjo wenye umbo la S, kwa sababu sentimita moja katikati ya kiini (pale fueli ilipokaa) ina uzito mkubwa kuliko sentimita moja kwenye ncha ambako nyutroni ni chache.

Halafu tukaizima. Kitufe cha skramu, fimbo zote chini. Watoto walitegemea sifuri. Nguvu ikaporomoka, kweli, lakini ikabaki kipande halafu ikaanza kushuka kwa uvivu mkubwa. Ukiingiza hasi dola 4 kwa mfano, hesabu inasema inashuka mara moja hadi kama sehemu ya tano, halafu baada ya dakika chache inapungua nusu kila sekunde 56 hivi, na huwezi kuiharakisha hata ungeweka fimbo ngapi, kwa sababu anayeamua mwendo huo ni bromini-87 na nusu-uhai wake ni huohuo. Hapa nilinyamaza nikawaacha wajadili wenyewe, na walijadili hadi kengele.

Sasa nije kwenye joto, maana hapa ndo TRIGA inaonyesha ni mashine ya aina gani. Pandisha nguvu hadi kilowati 100, tuliza, halafu weka zile zile senti 10. Kwa nguvu ndogo ilikuwa inapanda bila kusimama si ndiyo? Sasa hivi inapanda, inapunguza mwendo, inasimama yenyewe. Hamna aliyegusa fimbo! Kilichotokea, fueli ya TRIGA ni urani iliyochanganywa na zirkoni na haidrojeni, haidrojeni ipo ndani ya fueli yenyewe, ikipata joto inatikisika na kuwapa nyutroni nishati ya ziada badala ya kuwapunguza mwendo, mipasuko inapungua, na hii inatokea papo hapo bila kusubiri maji ya bwawa yapate moto. Kiasi chake ni takriban pcm 10 kwa kila digrii moja ya fueli (pcm hapa sio mchepuo, ni kipimo cha riaktiviti, sehemu moja kwa laki moja). Senti 10 ni kama pcm 70, kwa hiyo fueli ikipanda digrii 7 hivi imeshafuta kila ulichoweka. Waambie wanafunzi watabiri joto kabla, halafu wasome kwenye skrini. Usitegemee ilingane hadi desimali, ila wataona wamo mlemle, na mtoto akitabiri joto la riakta kwa kalamu na akalikuta, huyo umeshampata.

Kutoka hapo ndo ingia modi ya palsi, usianze nayo. Najua itakuwa inakuvuta kuanza nayo kwa sababu ni ya kusisimua, subiri. Palsi ni kwamba unarusha fimbo moja juu kwa mpigo, unaweka zaidi ya dola moja, yaani riakta haiwahitaji tena wachelewaji, nyutroni za papo hapo zinatosha kuipandisha, na kizazi kimoja cha nyutroni pale ni kama mikrosekunde 40 tu. Kwa akili ya kawaida hapo ndo mwisho wa riakta. Na kwenye riakta nyingine ndo ulikuwa mwisho kweli, SL-1 kule Idaho Marekani tarehe 3 Januari 1961 fimbo ya katikati ilinyanyuliwa kwa mkono mbali kupita kiasi na watu watatu wakafa. Lakini TRIGA imeundwa kwa ajili hiyo, ukiweka dola 2 nguvu inapaa hadi mamia ya megawati, fueli inapata joto, inajikata yenyewe, na kilele chote kimeisha ndani ya kama milisekunde 20. Kwa sisi tunaolijua bwawa la Mtera, mitambo yake ni megawati 80, kwa hiyo hicho kilele ni Mtera kadhaa kwa pamoja, ila kwa muda mfupi kiasi kwamba nishati yote iliyotoka haizidi uniti chache za LUKU. Piga hesabu ubaoni, uniti moja ni megajuli 3.6. Hii tofauti ya nguvu na nishati nimeihangaikia tangu naanza kufundisha, na hapa imeeleweka kwa dakika.

Na palsi pia inapimika, sio ya kuangalia tu na kushangilia. Kinachohesabika ni kile kilichozidi dola moja. Dola 1.5 imezidi kwa nusu, dola 2 imezidi kwa moja, mara mbili yake. Nadharia inasema kilele kinakuwa mara nne, nishati mara mbili, upana unapungua nusu. Piga palsi hizo mbili, soma, linganisha. Sisi tuliona uhusiano huo bila shida.

Kitu ambacho mimi binafsi kimenifanya niandike haya yote ni modi ya mawimbi ya saini (sine ya hisabati), na nadhani wengi wataipita bila kuigusa. Unaiambia riaktiviti iyumbe juu chini polepole, halafu unaangalia nguvu inayumba vipi. Fanya mzunguko wa sekunde 100 kwa senti 2, kwa nguvu ndogo. Hesabu inatoa kwamba nguvu itayumba kama asilimia 5, na kilele chake kitachelewa kama sekunde 12 nyuma ya kilele cha riaktiviti. Sasa harakisha, mzunguko wa sekunde moja, senti 2 zilezile. Inayumba asilimia 2 tu na inakwenda sambamba karibu kabisa na riaktiviti. Riakta ileile, msukumo uleule, jibu tofauti kwa sababu ya kasi ya msukumo peke yake! Ukichora geini (nguvu inayumba kiasi gani kwa kila kiasi cha riaktiviti) dhidi ya frikwensi unapata picha nzima ya tabia ya riakta, upande wa polepole wanatawala wachelewaji, katikati pametambarare, halafu juu kabisa kwenye kama mizunguko 28 kwa sekunde inaanza kushindwa kufuata. Halafu rudia kwa nguvu kubwa, utaona ule upande wa polepole umeshuka, kwa sababu joto limepata muda wa kujibu.

Hii sio mchezo wa darasani. Maabara ya Argonne kule Marekani walichapisha kipimo cha namna hii cha riakta ya CP-2 mwaka 1952. Na ilikuja kujulikana haraka kwamba kipimo hiki kinakuonyesha ugonjwa kabla haujakuua. EBR-I, ile riakta ya Idaho iliyowasha balbu nne kwa umeme wa nyuklia Desemba 1951, ilionekana ina tabia mbaya, ikipata joto ilikuwa inajiongezea riaktiviti kwa haraka kabla upunguzaji haujaingia, na tarehe 29 Novemba 1955 wakiwa kwenye majaribio ya kuichunguza tabia hiyohiyo, fimbo za kasi hazikuingizwa kwa wakati, zikaanza zile za polepole, na sehemu kubwa ya kiini ikayeyuka. Chanzo kilikuja kufahamika ni fimbo za fueli kujikunja kuelekea ndani zikipata moto, zinasogeleana, riaktiviti inaongezeka. Hakuna aliyeumia. Nawasimulia vijana hii kila mara kabla hawajagusa modi ya saini, ili wajue kwamba kuyumba kwa mstari pale kwenye skrini kuna watu waliwahi kukusoma kwa makini sana na kulikuwa na sababu.

Haya sasa nusu nyota. Programu inahesabu kiini chote kama nukta moja, kinapanda pamoja kinashuka pamoja. Riakta halisi sio hivyo, ukisogeza fimbo upande huu nyutroni zinahamia upande ule, na kigunduzi kilichokaa jirani na fimbo kitakwambia habari tofauti na kilichokaa mbali, watu wa vipimo wanapoteza muda mwingi kusahihisha hilo. Mwanafunzi akitoka kwenye simuleta anaweza kudhani kupima riaktiviti ni kusoma namba kwenye kona ya skrini. Kwenye riakta ya kweli hakuna namba ya riaktiviti imekaa pale inakusubiri, unayo nguvu tu inayobadilika, riaktiviti unaichimba humo kwa hesabu. Ndo maana mimi huwa naifunika ile grafu ya riaktiviti kwa karatasi ya manila, waitafute kutoka kwenye nguvu na muda, halafu ndo nafunua walinganishe. Fanya hivyo, inabadilisha somo kabisa.

Lugha ni Kiingereza, kwa Form Six sio tatizo, kwa wadogo tuliandika majina ya vitufe kwa Kiswahili kwenye manila pembeni ya projekta.

Kuna mwenzangu aliniuliza inatufaa nini wakati Tanzania hatuna riakta ya utafiti. Mbona Kinshasa waliwasha TRIGA yao ya kwanza 1959, ya kwanza Afrika! Morocco wanayo TRIGA ya megawati 2. Ghana wana riakta ndogo ya kilowati 30 ambayo 2017 walibadilisha fueli yake kutoka urani iliyorutubishwa sana kwenda ya kiwango cha chini, Nigeria wakafanya hivyohivyo kwa yao ya Zaria 2018, na ukibadilisha fueli lazima upime upya kila kitu, uzito wa fimbo, mrejesho wa joto, jibu la riakta ukiingiza riaktiviti. Vipimo vilevile ambavyo kijana wa Nkuhungu au wa Bahi anaweza kuvifanya kwenye laptopu. Hao Waghana na Wanigeria waliofanya kazi hiyo walianzia shuleni kama hawa wetu.

Kwa mahitaji: kompyuta ya Windows ya kawaida inatosha, sio lazima iwe na kadi kubwa ya grafiki, ukishaishusha unaweza kuhamisha kwa flashi kwenye mashine za maabara bila bando. Projekta ukiwa nayo vizuri, usipokuwa nayo gawa wanafunzi makundi ya watatu watatu, mmoja kwenye fimbo, mmoja na saa, mmoja anaandika, na wabadilishane. Kipindi kimoja hakitoshi, omba dabo. Anza na senti 10 kwa wati chache, mwisho wa wiki ya kwanza wawe wamechora piriodi dhidi ya riaktiviti, joto wiki ya pili, palsi na saini wiki ya tatu.